Salamu Niliyoipita Busunzu

Kisa hiki sikuhadithiwa na mtu. Kimenikuta mimi mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke, ila aje kwanza kwangu Tanga amwite mwanangu akiwa amempa mgongo, aone kama atageuka.

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Busunzu, wilaya ya Kibondo. Nilikuwa najisomea shahada huku nafundisha, na kwenye mtihani kulikuwa na riwaya moja ya zamani ya Kimarekani, nene kama tofali. Nani ana muda wa kuisoma, ana mtoto mgongoni na lundo la madaftari ya kusahihisha? Mwalimu mwenzangu akanipatia ile iliyosomwa kwa sauti, nikaiweka kwenye simu, nikavaa hedifoni. Mzungu mmoja mwenye sauti nzito anasoma, mimi natembea zangu kurudi nyumbani.

Nitasema yote, hata yanayoniaibisha. Zile hedifoni hazikuwa za riwaya tu. Waha wanasalimia, jamani. Mzee akikuona anasimama, anapiga makofi taratibu, anakwambia "mwidiwe", na wewe usimame, upige makofi, umwitikie, muulizane habari za nyumbani, za watoto, mpaka za maharage. Mimi mtu wa Tanga maneno siyaogopi, lakini salamu kumi za namna hiyo kwa siku zilinichosha. Nikagundua ukiwa na waya masikioni unatikisa kichwa tu unapita. Nikaifanya ndiyo dawa yangu.

Siku hiyo ilikuwa alasiri, mvua imekatika muda si mrefu. Binti yangu Rukia, mwaka mmoja na nusu, alikuwa analia mgongoni, nikamchomekea hedifoni moja sikioni, nyingine nikabaki nayo. Akanyamaza. Tulipofika kwenye shamba la maharage nikamwona mzee kasimama kando ya njia, kavaa koti refu la kijani. Akapiga makofi. Niliona midomo yake ikicheza. Nikatikisa kichwa, nikapita.

Sikufika hatua kumi. Yule msomaji akanyamaza katikati ya sentensi. Nikadhani simu imezima, nikaitazama, dakika zinakwenda kama kawaida. Kisha, niamini, nikasikia makofi ndani ya sikio langu. Taratibu. Halafu sauti ya mzee, karibu kabisa, mpaka pumzi yake naisikia: "Mwalimu, nimekusalimu."

Nikageuka. Njia tupu. Maharage yenyewe hayafiki magotini, angejificha wapi? Wallahi, nilishindwa hata kuuvuta ule waya. Na kabla sijafungua mdomo, nikasikia viganja vidogo vikipigwa mgongoni kwangu. Rukia alikuwa anamwitikia. Anapiga makofi na kucheka. Pale pale yule Mzungu akaendelea na sentensi yake, kama mtu aliyekwenda kunywa maji akarudi. Nikakimbia mpaka nyumbani.

Asubuhi sufuria ikaniponyoka nyuma ya Rukia. Hakushtuka. Nikamwita, nikapiga kelele, nikagonga meza mpaka mkono ukauma. Hata hakugeuka. Daktari alimpima mara tatu, akasema masikio mazima, haoni tatizo. Sasa kama masikio mazima, mbona mwanangu hanisikii?

Jirani yangu Mama Yusta, mzaliwa wa pale pale, alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza koti lilikuwa rangi gani. Nikamwambia.

"Huyo tulimuzika mwaka jana, mwalimu," akasema. "Nawe ulimunyima salamu?"

"Sikumsikia."

"Lakini ulimuona."

Akanipeleka kule shambani. Nilipiga magoti kwenye tope, nikapiga makofi, nikasalimu kwa Kiha changu kibovu, nikaomba radhi, nikalia. Hakuna aliyeitikia. Nilirudi kila siku mpaka uhamisho wangu ulipotoka. Mtihani sikuufanya, na ile riwaya mpaka leo sijui iliishaje.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayetembea na hayo madude masikioni, yavue ukiwa kwenye njia za watu. Mtu akikusalimu, simama umwitikie, hata kama unaona anakuchosha tu kwa maneno. Hujui ni nani, na hujui usipomwitikia wewe atakayemwitikia ni nani.

Rukia sasa ana miaka minane, anasoma shule ya viziwi. Siku nyingine tukiwa tunakula anaacha tonge, anainua uso, anapiga makofi na kutabasamu, na mimi hapo mbele yake nimemwita hadi koo limekauka. Naogopa, na naona wivu, Mungu anisamehe.

Juzi aliniuliza kwa ishara: "Babu ana sauti. Mama, na wewe unayo?"