Siku Nilipoivua Balbu Soksi

Jamani, aibu yangu mimi haina tena pa kujificha. Hapa Kanazi hata watoto wa darasa la pili wanaijua, nikipita sokoni muuza dagaa akiniona tu anaacha kupima, anakunja mikono kifuani na kuinua macho juu kama mtakatifu wa kwenye kalenda, na wenzake wanacheka mpaka wanashikana mabega, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe, nyie mnaonifahamu, kuliko mkaisikia kwa yule muuza dagaa ambaye ameshaitia chumvi mpaka hailiki.

Mnajua nyumbani kwangu tulikuwa wawili tu, mimi na Edita, binti wa kaka yangu Sosteni. Mama yake alifariki Edita akiwa hajaota meno ya mbele, nikamchukua, nikamlea, na kuniita shangazi ni heshima tu lakini mama yake ni mimi. Sasa mwaka ule wezi wakatupitia, wakabeba kuku wanne na sufuria kubwa (ile ya sherehe, nami mpaka leo bado nina kinyongo), basi mwanangu Deo aliyeko Mwanza akaja Pasaka na kamera. Kamera yenyewe ukiiona ni balbu! Unaifunga kwenye taa ya sebuleni, inawaka kama balbu nyingine, lakini ina jicho, na ukifungua simu unaona sebule yako yote kama vile umejibandika darini. Akaweka na kile kisanduku kidogo cha intaneti, akanionyesha pa kubonyeza, akaondoka zake, nami wiki nzima nikawa naita majirani waje wajione kwenye simu.

Furaha hiyo ikaishia Lusahunga. Nilikwenda kubadilisha kioo cha simu, na fundi simu wa pale njia panda alipoiona ile picha ya sebule yangu akaacha kazi akaniangalia.

"Mama, hii ina maikrofoni ndani. Inasikia."

"Inasikia nini?"

"Kila kitu. Hata ukikoroma inasikia."

"Na huyo anayesikiliza huko upande wa pili ni nani?"

Yule fundi akatazama kulia, akatazama kushoto, malori ya mpakani Rusumo yanapita kwa kishindo, akashusha sauti, "Hapo sasa ndipo hakuna anayejua."

Nilirudi nyumbani mbio. Njia nzima nakumbuka niliyoyasema chini ya ile balbu kwa wiki moja, ya mke wa katekista, ya kwaya, ya jirani yangu na mbuzi wake, na wote hao nawaona kichwani wamejipanga na fimbo. Nilipofika hata maji sikunywa. Nikatafuta soksi ya Edita ya enzi za shule, ile nyeupe ya kufika magotini, nikapanda kiti nikaivisha ile balbu. Sebule ikawa na mwanga wa msibani lakini roho yangu ikatulia. Na juu ya soksi nikaweka sheria, kwamba mambo yote mazito humu ndani yazungumzwe Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu lile lidude limetengenezwa huko mbali, Kihangaza limejifunzia wapi?

Edita alicheka mpaka akakaa chini. "Shangazi, hao watu wa mbali mwenyekiti wa kwaya watamjulia wapi?"

Nikamwambia siri ni siri, asinifundishe kuishi.

Sasa ndipo inakuja posa. Edita alikuwa amepata mchumba, Fabiani, mwalimu wa shule ya msingi kule Nyamigogo, Biharamulo, kijana mpole, hanywi, na akija kunisalimia anashika mkono kwa mikono miwili. Wazazi wake ni watu wenye asili ya Burundi, wako Nyamigogo miaka mingi wanalima. Siku mbili kabla hawajaja, Edita alinifuata jikoni, akapiga magoti, akanishika kanga.

"Shangazi, nakuomba kitu kimoja. Msiwarudishe. Baba yake ni mtu wa neno moja, amesema akirudishwa harudi tena."

Nikamjibu tutaona. (Hiyo "tutaona" yangu mnaijua, maana yake ni hapana iliyovaa nguo nzuri.) Desturi yetu mposaji hapewi jibu siku ya kwanza, asije akadhani binti alikuwa amekosa wa kumchukua, na mimi nilikuwa nimeshaamua warudi mara mbili, ikibidi tatu.

Asubuhi ya siku yenyewe, wakati napanga vikombe, nikatazama ile soksi juu. Shetani naye hana likizo. Nikajisemea, hivi kama lidude hili linasikia, kwa nini lisikie kwa faida ya watu nisiowajua tu? Tukienda faragha kushauriana, wageni si watabaki peke yao sebuleni na watasema yaliyo moyoni? Nikapanda kiti nikaivua soksi. Hilo tu, ndugu zangu. Kuvua soksi.

Wakaja watatu, mshenga wao, Mzee Bukuru baba wa kijana, na dada yake mzee, Mama Spesioza. Mzee Bukuru alikuwa amevaa koti, sijui niseme koti au hema, mikono inamfika kwenye kucha. Tukawapokea mimi na Sosteni, tukasalimiana, shikamoo na marahaba zikazunguka nyumba nzima, wakala, wakanywa, mshenga akasema amekuja kuomba mbegu ya kupanda kwao, akasema vizuri kweli. Mimi nikajibu kwa madaha kwamba tumewasikia, ila wajue wapo na wengine waliokwisha kubisha hodi (uongo mtupu), kwa hiyo watupe nafasi mimi na kaka yangu tukashauriane faragha. Edita aliyekuwa anapita na birika alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Tukaingia stoo, katikati ya magunia ya maharage na kahawa, nikafunga mlango, nikatoa simu. Sosteni akashtuka.

"Dada, hilo si zuri. Watu wamekula chumvi yetu."

"Nyamaza tusikie."

Kwenye simu sebule ikatokea, wageni wetu wanaonekana vichwa kutoka juu, na chini ya picha kuna alama alama. Moja imechorwa maikrofoni. Nikajiuliza, fundi alisema maikrofoni ndiyo inayosikia, si ndiyo? Basi nikabonyeza maikrofoni. Ikageuka rangi ya kijani. Nikaweka sikio. Kimya.

"Hawasemi kitu," nikamwambia Sosteni, kwa Kihangaza bila shaka, sheria ni sheria. "Wana adabu hawa. Au wameshiba. Yule Mama Spesioza nimemhesabia vipande vinne vya nyama, cha tano amekificha nyuma ya ndizi akidhani sioni."

"Dada..."

"Na lile koti! Mzee wa watu limemmeza, nilikuwa nasalimiana na kola."

Sosteni akajikaza asicheke, akashindwa. Kisha akauliza, "Hao wengine waliobisha hodi ni akina nani, mbona mimi baba mtu siwajui?"

"Wengine wapi! Tangu msichana huyu azaliwe aliyebisha hodi hapa ni muuza mbolea tu. Na zile chupa za chai na vitambaa vya makochi ni vya mke wa katekista, nikumbushe nirudishe kabla ya Jumapili."

Nikatazama tena kwenye simu, na nilichokiona kikanigusa moyo. Wageni wote watatu walikuwa wameinua nyuso juu, midomo wazi kidogo, macho yote kwetu, hakuna hata anayepepesa. Mshenga amekunja mikono kifuani.

"Sosteni," nikanong'ona, "tazama. Wanasali."

Kaka yangu akavua kofia. Nami nikafanya ishara ya msalaba. Kisha akasema polepole, "Dada, hawa ni watu wa Mungu. Tuwape jibu leo leo. Kwa nini unataka kuwarudisha?"

Sijui ni ile sala yao au ni giza la stoo, nikajikuta machozi yananitoka. Nikamwambia, "Mimi kijana nampenda. Hata leo angemchukua ningefurahi. Lakini Edita akiondoka, jioni nitaongea na nani? Nitapika ugali wa mtu mmoja, unapikwaje huo? Nilitaka tu warudi mara mbili tatu, nipate miezi michache ya kukaa naye. Ni hilo tu."

Kwenye simu nikamwona Mama Spesioza anafuta macho kwa pindo la kitenge, nikasema kweli Roho amewashukia.

Hapo mlango ukasukumwa. Edita. Mikono yote miwili iko kichwani, birika sijui ameliacha wapi.

"Shangazi! Toa kidole! Mnasikika! Mnasikika sebule nzima, mnatoka kwenye taa!"

Kumbe lile lidude lina na mdomo. Ukibonyeza maikrofoni husikii wewe, unasikiwa! Maneno yangu yote, nyama, koti, muuza mbolea, yalikuwa yanashuka kutoka darini kama tangazo la parokia. Na Kihangaza changu cha kumficha mtu wa mbali hakikunisaidia kitu, maana mtu wa Kirundi akisikia Kihangaza ni kama amesikia jirani anaongea, haachi hata neno moja.

Sosteni ndiye aliyenishika mkono mpaka sebuleni. Mzee Bukuru akasimama taratibu, akavuta mikono ya koti akapata vidole vyake, nikajua ndiyo basi, anaondoka, mtu wa neno moja, na Edita wangu nimemharibia maisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Ningekuwa naweza kuingia ndani ya gunia la maharage ningeingia.

"Mama," akasema Mzee Bukuru, "nasi tunaomba faragha."

Nikamwonyesha mlango wa nje, nikisema karibuni uani.

"Hapana. Kule kule mlikokuwa. Na hiyo simu mtupe. Nyinyi kaeni hapa chini ya taa."

Wakaenda stoo wote watatu, Edita akaenda kuwabonyezea, akarudi, tukakaa mimi na yeye na baba yake kwenye makochi ya vitambaa vya kuazima, tukainua nyuso juu. Sauti ikashuka kwa Kirundi.

"Vipande ni vitano kweli," akasema Mama Spesioza, "na cha sita nitakula nikirudi. Lakini kile kilemba cha shangazi mtu! Mimi nilidhani kuna mgeni mwingine amekaa nyuma yake."

"Koti ni langu," akadakia mshenga. "La kwake aliliunguza na pasi asubuhi. Nami nasikia baridi."

Kisha Mzee Bukuru. Yeye aligeukia Kiswahili makusudi, nadhani alitaka asiwepo wa kusema hakuelewa (na mzee huyu l na r kwake ni ndugu).

"Mimi nirisema nikirudishwa sirudi. Nirikuwa nadanganya. Ningerudi hata mara saba, maana mwanangu tangu Pasaka hari vizuri." Tukasikia gunia linalia, nadhani alikaa. "Na yure mama mwambieni, Nyamigogo si mbari. Barubu kama hii na sisi tutaweka. Ego, ndiyo, na ugari aje are kwetu."

Sosteni alianza kucheka, Edita akafuata, na mimi nikalia na kucheka kwa pamoja mpaka kilemba kikaanguka. Jibu tuliwapa siku hiyo hiyo, desturi itanisamehe. Na Mama Spesioza cha sita nilimpa mwenyewe, kwa mkono wangu, kikubwa.

Mshenga ndiye aliyeitoa nje habari hii, alianzia Lusahunga na haikuchukua siku mbili ikafika kwa muuza dagaa. Sina la kumlaumu. Nimeapa mbele ya Sosteni kwamba sitatega tena sikio kwa wageni wangu maisha yangu yote, na ile alama ya maikrofoni sitaigusa hata kwa fimbo. Nilihangaika sana na sikio la watu wa mbali, kumbe sikio lililokosa adabu lilikuwa la kwangu.

Edita ameolewa, yuko Nyamigogo, na Deo ameiweka sebule yangu kwenye simu ya Edita. Soksi bado ninayo, imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, na nikitaka kumsema mtu naivisha balbu kwanza. Lakini jioni, muda ule tuliokuwa tunasonga ugali pamoja, napanda kiti naivua mwenyewe, nakaa chini yake nimeinua uso, nasubiri mpaka dari liseme, "Shikamoo, shangazi."