Mikono ya Wifi Yangu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, haamini mtu. Surua ilimwacha kiziwi akiwa mdogo, na tangu hapo kila neno linamfikia kupitia kwa mtu mwingine, na watu, jamani, ni wavivu. Mnapiga soga nusu saa, yeye anaambiwa, "Wanaongea tu." Kwa hiyo akajitungia utaratibu wake. Jambo moja anauliza watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kisha anapima nani kapunguza na nani katia chumvi. Mimi namwita Mpelelezi. Anajua, na ananijibu kwa ishara ambayo siwezi kuieleza mbele ya wakwe.

Ni msusi. Tuna saluni ya viti viwili. Mimi naosha, yeye anasuka. Akitaka kusema anaachia nywele za mteja, mikono inaruka, halafu anazishika tena palepale. Wateja wanampenda kwa mistari yake iliyonyooka, na pia kwa sababu wanadhani umbea wao unaishia pale. Wangejua anavyonihoji wakishatoka!

Basi siku moja akaingia mwongozaji wa filamu, bwana nadhifu wa shirika la kutetea haki za watu wenye ulemavu, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Alitaka kumrekodi wifi.

"Tutaionesha mbele ya mganga mkuu wa hospitali," akasema. "Lazima sauti zenu zisikike."

Machale yakanicheza. Alimwita wifi shujaa kabla hata hajamuuliza hali. Lakini nilipomtafsiria habari ya mganga mkuu, macho yalimwaka. Mwanawe ana pumu, kila mwezi yuko kliniki ya hospitali hiyohiyo, na kule wanaita majina kwa mdomo. Mwezi uliopita alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, mtoto kamlalia mapajani anahema kwa shida. Jina likaitwa, likapita. Alipokwenda dirishani akaambiwa aliitwa hakuitika, na daktari keshaondoka. Usiku ule mtoto nusura atutoke. Wifi alitaka jambo moja tu: namba za foleni ziandikwe ukutani, azione kwa macho yake. Akamtuma kaka yangu naye akamuulize mwongozaji upya. Majibu yakalingana, akakubali.

Siku ya kurekodi nilitafsiri mimi. Wifi alisimulia habari ya benchi mpaka mwisho. Mwongozaji akamwambia mpiga picha, "Msogelee. Nataka macho."

"Bwana, mbona mikono haionekani kwenye kamera?" nikamuuliza.

"Usijali, dada. Sauti tutaiweka baadaye."

"Sauti ya nani?"

"Tutakuita."

Hawakuniita.

Filamu ikaoneshwa mchana katika ukumbi wa ghorofani, mapazia yamefungwa. Ngazi tupu, lifti hakuna. Bwana mmoja wa magongo alipandishwa akiwa amebebwa mgongoni, akapitishwa chini ya bango lililoandikwa "Haki Sawa kwa Wote." Nilikuwa nimeshanuna kabla sijakaa. Wifi aliketi katikati, mimi kushoto, mumewe kulia. Mganga mkuu alikuwa mstari wa mbele.

Uso wa wifi ukajaa ukutani. Alipendeza, siwezi kusema uongo. Mikono haikuwepo. Maandishi ya tafsiri hayakuwepo. Kukaingia sauti ya mwanamke, laini kama ya tangazo la sabuni, ikamwekea maneno mdomoni: "Dunia yangu ni kimya. Sina wa kunielewa. Nawaomba wenye huruma mnisaidie."

Watu wakatoa leso. Wifi akanigeukia. "Nimesema nini?"

Kichwa kilikuwa kinaniwaka. Nikampa neno kwa neno. Akamgeukia mumewe, akamuuliza hilohilo. Kaka yangu ni mpole, hapendi mkewe aumie.

"Wanakusifu," akamjibu kwa mikono. "Umependeza."

Majibu hayakulingana. Wifi akageuka, akawaangalia watu wa nyuma. Mama mmoja akamtazama huku akifuta machozi na kutikisa kichwa, kama yuko msibani. Mtu anayesifiwa hatazamwi hivyo. Wifi akasimama.

Alikwenda mbele, akaingia kwenye mwanga wa projekta na kuinua mikono. Vivuli vyake vikaufunika uso wake mwenyewe ukutani. Akaninyooshea kidole: tafsiri. Nikasimama.

"Hayo sikuyasema!" nikapaza sauti. "Siombi huruma. Mwanangu ana pumu. Nilikaa kwenye benchi lenu tangu asubuhi..."

Mganga mkuu akainua kichwa.

"Zima mashine," mwongozaji akamnong'oneza kijana wake, na ukumbi mzima ukasikia. "Zima, nakwambia!"

Giza likatumeza. Nikakwama katikati ya maneno, maana mikono sikuiona tena. Nilijua kule mbele bado inasema, inamwambia kila mtu na haimfikii hata mmoja. Walikuwa wamemnyamazisha mara ya pili, na mimi nimesimama pale kama gogo. Machozi ya hasira yakanitoka.

Kiti kikakwaruza sakafu. Kaka yangu aliwasha tochi ya simu, akapenya katikati ya watu huku akiwakanyaga miguu bila kuomba radhi, mpaka mbele. Akaimulika mikono ya mkewe, mikono tu.

"Tafsiri, dada," akasema. "Mganga mkuu anasubiri."