Kushona, tape au moto? Nilivyounganisha mabango chakavu ya vinyl kuwa hema la harusi ya mdogo wangu Bukavu

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Juzi nimeona mtu anauliza njia nzuri ya kukunja pindo na kuunganisha mabango ya vinyl, akajibiwa kwa mstari mmoja tu. Nikasema hapana, hili naliweza, na nina kisa chake.

Sitaongeza chumvi. Hema lenyewe bado lipo, anayebisha aje kwetu Nguba nimtandazie.

Mnivumilie Kiswahili changu, sisi wa Bukavu tunachanganya na Kifaransa bila kujijua.

Kazi yangu ni kuchapisha mabango. Bango la vinyl huku tunaliita bâche. Nina kibanda changu Ibanda, napiga mabango ya maduka, kwaya, kampeni, misiba, kila kitu. Mume wangu ni dereva, mara nyingi hayupo. Nyumbani tuko na mama yangu na mdogo wangu Aline.

Sasa Aline akapata mchumba, kijana mzuri, jina lake Ramadhani. Kwao ni Uvira, familia ya wafanyabiashara Waislamu, wale wenye asili ya pwani. Sisi ni Wakatoliki. Hilo wazee walishaliongea wakalimaliza, kwa hiyo wakuu msilianze upya kwenye comments.

Salle ya sherehe tuliyokodi, ukumbi wenyewe, ikafungwa harusi ikiwa imekaribia kabisa. Warithi wa mwenye salle waligombana, mmoja akaja akaweka kufuli kwenye geti, basi.

Na ilikuwa msimu wa mvua. Mvua ya Bukavu haina adabu. Jua linawaka huku, upande wa ziwa kumekuwa kweusi, kufumba na kufumbua unakimbia na viti.

Hema zote za kukodi zilikuwa zimeshachukuliwa.

Baba yake Ramadhani, Mzee Sefu, akapiga simu kwa upole kabisa. "Mwanangu, kama hapo Bukavu imeshindikana, leteni harusi huku Uvira. Nafasi ipo, msijisumbue."

Alisema kwa moyo mweupe. Ila mama yangu ana nyonga mbovu. Kukaa kwenye gari kwenye ile barabara ya milimani ya kwenda Uvira hawezi. Harusi ikienda Uvira, mama haendi.

Aline alitoka nje akalia nyuma ya jiko, akidhani hatumsikii.

Nikasema: tutafanyia hapa hapa kwenye parcelle, uwanja wetu wa nyumbani. Hema nitatengeneza mwenyewe.

Kibandani nilikuwa na rundo la mabango ya zamani. Mengine yalishatumika yakarudishwa, mengine wenyewe hawakuja kuyachukua. Vinyl nzito, nzuri, haipitishi maji. Shida ni moja tu: unayaunganishaje yawe kitu kimoja?

Hapo ndipo vita ya nyumbani ilianza.

Mama yangu ni fundi cherehani. Sisi wote tumevaa mkono wake, kuanzia ubatizo mpaka uniforme za shule. Aliposikia kuunganisha, akavuta mashine yake karibu na mlango.

"Lete hapa. Nguo ni nguo."

Nikamwambia mama, hii si nguo.

"Miye nilishonaka mpaka kiti ya gari. Weye unataka kunifundisha?"

Sikubishana. Nikampa vipande viwili, akavishona. Mshono umenyooka, mzuri kutazama. Tukaushika juu, Aline akamwaga maji ya ndoo katikati.

Yakaanza kudondoka tone, tone, tone. Kila tundu la sindano limekuwa bomba dogo.

Mama akapitisha kidole chini ya mshono. Akasema, "Iko inapita." Akainuka akaingia ndani.

Wakuu, ile ilinichoma. Kwake haikuwa habari ya hema. Mtoto wake wa mwisho anaolewa, nyonga haimruhusu kucheza wala kubeba sufuria, kilichobaki ni mikono yake. Na mimi nimeikataa.

Nikaenda njia ya pili, tape ya pande mbili. Ndiyo wengi tunatumia kibandani kwa pindo la mabango madogo, na kwa mabango madogo haina neno. Unasafisha, unabandika, unakandamiza, kazi imeisha. Nikajaribu, nikaning'iniza kipande juani na jiwe limefungwa chini. Mchana kwenye joto gundi ikalainika, jiwe likaanza kushuka polepole, mwisho likaanguka lenyewe pu. Pia niligundua pale penye wino mwingi tape ilishika wino tu, ikatoka nao.

Gundi ya kopo sikuijaribu. Niliyoiona dukani ilikuwa imeanza kuganda, na sikutaka kubahatisha.

Ikabaki moto.

Ile mashine ya hewa ya moto, wengine wanaiita heat gun, sisi pistolet. Inafanana na ya kukausha nywele, ila hii ukiielekeza kwenye mkono utajuta. Unalaza bango moja juu ya jingine kwa upana wa kiganja, unaingiza hewa ya moto katikati, vinyl ikianza kung'aa unapitisha roller ya mpira juu na kukandamiza. Zile mbili zinakuwa moja kabisa. Ule moshi si mzuri, fanyeni nje.

Kipande cha kwanza nilikitoboa. Cha pili nilienda haraka, hakikushika. Nikaendelea kujaribu kwenye mabaki mpaka nikapata mwendo. Kipimo changu: ukivuta kwa nguvu, vinyl yenyewe ichanike kabla ya kiungo kuachia.

Mambo mawili nilijifunza hapo. Wino ukwangue kwanza au tumia ile kingo nyeupe isiyochapwa, kwa sababu wino unazuia kushikana. Na bango la upande wa juu wa mteremko lilalie lile la chini, kama mabati, maji yasipate pa kuingilia.

Sasa pindo. Kamba za kuvutia hema zinapita kwenye pindo, na nguvu yote ya upepo iko pale. Na pale hata maji yakipita kwenye tundu, yanadondokea nje, hayana shida na mtu.

Nikaenda chumbani kwa mama.

"Mama, katikati nitaunguza na moto. Lakini pembeni kote nataka uzi. Mishono miwili, kamba ndani. Bila hiyo upepo utaibeba."

Akaniangalia kama anatafuta uongo usoni mwangu. "Unasema kweli ao unanihurumia?"

"Kweli, mama. Pistolet peke yake pale ninaiogopa."

Na ilikuwa kweli, wakuu. Sikumpa kazi ya kumbembeleza.

Akavaa miwani. "Aline, njo unishikilie hii kitu, iko nzito."

Walifanya kazi wale wawili, mwali anasukuma vinyl, mama anakanyaga mashine, wanacheka. Huko ndani mama akamweleza mambo ya ndoa ambayo mimi hakuwahi kunieleza. Nilijifanya sisikii.

Kumbe shida ilikuwa bado. Kabla ya kupandisha hema, nikapitia kila kiungo kwa bisibisi butu, nasukuma taratibu. Kiungo kirefu cha katikati kikaachia. Kwa macho kilikuwa safi, ila ndani hakijashikana. Siku niliyokiunguza courant, yaani umeme, ilikuwa dhaifu, taa zilikuwa nyekundu nyekundu, pistolet haikupata joto lake.

Na wakati bado nimeshika bisibisi, courant ikakatika kabisa.

Mzee Sefu na watu wake walikuwa wameshafika Bukavu. Nikampigia, nikamweleza bila kuficha. Nilitegemea aseme, si niliwaambia Uvira.

Akauliza tu, "Unahitaji umeme kiasi gani?"

Akaja na groupe ya kuzalisha umeme kwenye pickup, ya duka la ndugu yake. Akavua koti, akashika upande mmoja wa bâche ninapounguza, jasho linamtoka. "Vuta huku? Hapa sawa?" Mzee mzima na kofia yake.

Tukarudia kiungo kizima. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Hakikuachia.

Kichekesho: upande wa maandishi niliugeuza juu ili wageni waone weupe tu. Nilisahau Bukavu ni vilima. Jirani wa juu akapiga kelele kutoka kwenye balcon yake, "Maman, harusi ya Waislamu na bière juu ya hema!" Katikati ya paa palikuwa na tangazo la chupa kubwa ya bia. Nilitaka ardhi inimeze. Mzee Sefu alicheka mpaka akashika nguzo.

Siku ya harusi mvua ilikuja wakati wa chakula. Upepo wa ziwa kwanza, hema likavimba, kamba zikalia. Halafu maji.

Watu wakainuka na sahani zao, wote wanatazama juu. Mimi nilikuwa natazama viungo, kimoja kimoja.

Hakikudondoka kitu.

Mama peke yake ndiye hakuinuka. Alikuwa anakula wali wake. Akaniambia, "Kaa basi, chakula inapoa."

Nikakaa. Nafikiri ndipo nilipovuta pumzi kwa mara ya kwanza wiki ile.

Funzo langu, wakuu: usiulize njia ipi ni bora, uliza kiungo kitafanya kazi gani. Pa kuzuia maji, moto. Pa kuvutwa na kamba, uzi na kamba ndani. Bango dogo la kukaa ukutani, tape inatosha. Na ukiunguza, usiamini macho, vuta kwa mkono, hasa siku umeme ni dhaifu.

Wenzangu wa Dar, Mombasa, Tanga, ninyi wenye jua kali na upepo wa chumvi: huko viungo vya moto vinadumu? Na ile gundi ya kopo, kuna aliyeitumia ikamfaa? Tupeane uzoefu, nitajibu kila mtu nikitoka kibandani.