Binti wa Bonaventura

Kwa watu wa Ujiji alikuwa Regina, mtoto wa mzee Leonardi, yule aliyekuwa kuli bandarini mpaka mgongo ukamkatalia. Kwenye zahanati ya mtu binafsi alikofanya kazi miaka kumi na mitatu, kwenye cheti cha chuo, kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye orodha ya mshahara, alikuwa Diana Bonaventura. Wagonjwa walimwita nesi tu, kwa hiyo hakuna aliyesumbuka. Watu wa kwetu hatushangai mtu kuwa na jina la nyumbani na jina la karatasi. Wapo wengi, na wanaojua hukaa kimya kwa sababu na wao wana yao.

Mambo yalikuwa hivi. Regina alipomaliza darasa la saba alifeli, na aliyefeli haruhusiwi kurudia. Lakini kilichofungiwa mlango kilikuwa jina, na mzee Leonardi hakuwa mtu wa kushindwa na mlango. Alikamata jogoo, akaenda nyumbani kwa mwalimu mkuu, akarudi hana jogoo ila ana jina. Palikuwa na msichana wa Kagunga, kijiji cha mpakani, anakaa Ujiji kwa shangazi yake ili asome. Alikwenda kwao likizo ya Desemba, ikasemekana ameolewa ng'ambo, Burundi, na harudi tena. Nafasi yake daftarini ilikuwa wazi. Januari Regina akakalia dawati la darasa la saba mara ya pili akiitwa Diana Bonaventura. Akafaulu vizuri, na tangu siku hiyo lile jina likamganda kama kupe.

Liliendelea kumganda bila kumuuma mpaka zahanati ilipotangaza kwamba inafungwa mwezi wa sita. Regina ana miaka thelathini na saba. Binti yake Wema yuko kidato cha nne. Mume alikwenda Mpanda kutafuta dhahabu, na mpaka leo anatafutwa yeye. Rafiki aliyesoma naye chuo akamtumia tangazo: nyumba ya kulelea wazee huko Muscat inataka wauguzi wasaidizi, mkataba wa miaka miwili, umri usizidi thelathini na minane. Akaomba. Akafanyiwa usaili kwa simu amesimama kando ya dirisha la maabara, mahali pekee mtandao unaposhika, na akapita. Alifurahi mpaka akacheka peke yake kama mwehu.

Ilibaki viza ya kazi. Viza haitoki bila pasipoti, na kwa ajili ya pasipoti wakala wa Dar es Salaam alimtumia orodha ya vitu vya kuandaa. Regina akaisoma huku akitikisa kichwa, hiki ninacho, hiki ninacho, mpaka alipofika mstari wa nne: cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, au kiapo cha mzazi, na mzazi mwenyewe afike ofisini.

Mzazi yupi? Mzee Leonardi yupo barazani anaota jua, lakini huyo ni baba wa Regina, na Regina kwenye karatasi hayupo. Kitambulisho alikipata kwa vyeti vya shule tu, enzi zile za foleni ndefu na waandikishaji waliochoka. Pasipoti ni kitu kingine, na huku kwetu mpakani ni kitu kingine zaidi. Utaulizwa babu yako kazikwa kilima gani. Regina aliogopa, akaona haya, na juu ya hayo yote aliitaka ile safari kuliko alivyowahi kutaka kitu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akaomba ruhusa ya siku mbili kazini, akaenda Kibirizi akapanda boti ya Kagunga.

Boti iliwashusha mchangani alasiri. Regina alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa kwenye kichanja, kwa Bonaventura ni wapi.

"Marehemu Bonaventura? Pale penye mlango wa buluu. Mama Diana yupo, nimetoka kumwona sasa hivi."

Regina akaufuata mlango wa buluu. Kwa miaka yote lile jina lilikuwa maandishi tu, na sasa lilikuwa na mama, na mama huyo ametandika mkeka, anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mawe," akamwita mama kwa Kiha. "Karibu ukae."

Regina alikuwa amejipangia maneno njia nzima. Hakupata nafasi ya kuyasema, kwani mwanamke mmoja aliingia uani na beseni la dagaa kichwani, akalitua, akamtazama mgeni tangu viatu mpaka nywele. Hakuwa ameolewa Burundi. Alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka hapo, na mumewe alikuwa mvuvi.

"Wewe ndiye Diana," alisema. Hakuwa anauliza.

Basi Regina akaeleza yote, bila kupamba na bila kulia. Akataja jogoo, akataja daftari, akataja Muscat. Diana halisi alimsikiliza huku akichagua kokoto kwenye dagaa, na alipomaliza akauliza kwa upole ulioogofya kuliko ukali.

"Nani alikwambia niliolewa?"

"Ndivyo walivyosema, dada."

"Baba alifariki Januari, tarehe tatu. Tukakaa msiba. Baada ya arobaini mama akauza mbuzi, akaninunulia sketi mpya, nikapanda boti. Nafika shule mwalimu anaita majina. Nikasimama mlangoni nikasubiri nifikiwe. Akaita Diana Bonaventura. Nafungua mdomo, mtu akaitikia ndani."

Regina angeweza kusema sikujua. Maneno yalifika mpaka kwenye meno, yakakataa kutoka.

"Nilikuona," alisema. "Ulikuwa umenyolewa nywele. Nilikuona pale mlangoni, nikainamia daftari langu."

Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, hata padri kwenye kitubio. Alijisikia vibaya sana, na safari hii hakujitafutia udhuru.

"Mwalimu aliniambia nirudi kwa shangazi, wataniita," Diana aliendelea. "Nikangoja mpaka Pasaka. Sijaitwa bado."

Mama Diana alikuwa ameweka ungo chini. "Mimi nilikuchapa," alimwambia binti yake. "Uliporudi hapa nilikuchapa. Nilidhani umekataa shule."

"Ulinichapa, ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, mama. Ulikuwa kwenye majonzi, ukasema mtu haibiwi jina."

Yule mama mzee akaufunika mdomo wake kwa kiganja. Hapo ndipo Regina alipotamani ardhi ipasuke. Alikuwa amekuja kuomba saini ya dole gumba, kumbe amekuja kuwafukulia watu kaburi.

Diana hakuwa mtu wa kulia mbele ya wageni. Alieleza mengine kama anayesoma bei za sokoni. Waandikishaji wa vitambulisho walikuja Kagunga mara tatu, na mara tatu alipanga foleni. Wakamjibu kwamba Diana Bonaventura wa Kagunga, mama yake huyuhuyu, baba yake huyohuyo, tayari ana namba, na picha iliyopo si yake. Wakamuuliza, sasa wewe ni nani, au ni wa ng'ambo ya pili? Laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la shemeji. Akipeleka dagaa Kigoma, akiona gari la ukaguzi anajibanza nyuma ya magunia, yeye aliyezaliwa hapahapa.

"Nisamehe, dada," Regina alisema.

"Sijakwambia nimekasirika. Nimekwambia sina kitambulisho." Akasukuma beseni pembeni. "Kwenu unaitwa nani?"

"Regina. Regina Leonardi."

"Huyo Regina ameandikishwa wapi?"

"Kanisani tu. Kwenye daftari la ubatizo."

"Kwa hiyo jina lake liko wazi. Na baba yako yu hai?"

"Yu hai."

"Basi sikiliza. Mama atakwenda kukuapia wewe. Baba yako naye aniapie mimi kuwa ndiye Regina. Hapo tutakuwa tumemalizana."

Tuseme kweli: Regina alikuwa na njia nyingine. Angeweza kwenda kwa wakubwa akaungama, akamrudishia mwenzake jina lake. Alilifikiria wazo hilo akiwa palepale mkekani, akaliona ni la haki, akaliacha. Jina likirudi, linarudi na cheti cha chuo, na kazi ya miaka kumi na mitatu, na Muscat, na pengine mwenye kulitumia anaishia mahabusu. Mimi simlaumu sana. Anayemlaumu ni yeye mwenyewe.

"Sawa," alisema.

Wiki iliyofuata wakawa ofisi ya uhamiaji Kigoma. Afisa alikuwa kijana mstaarabu. Alimpa Mama Diana kiti, akamuuliza kijiji, ukoo, jina la mwenyekiti wa zamani, na mahali alipozikwa baba mkwe. Mama akajibu yote bila kubabaika, maana yote yalikuwa kweli.

"Na huyu hapa ndiye mwanao Diana?"

Mama Diana akamtazama Regina. Nyuma yao, kwenye benchi la wanaosubiri, Diana alikuwa ameshika kandambili za mama yake na kitenge chake, macho yako kwenye kalenda ya ukutani.

"Ego," alisema mama. Kisha akakumbuka yuko wapi. "Ndiyo, baba. Ndiye."

"Umejaliwa watoto wangapi, mama?"

"Huyo huyo mmoja."

Akaweka dole gumba kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi. Walipotoka nje Regina alitaka kumshika mkono kumteremsha ngazi. Mama mzee akaukwepesha mkono wake, akamshika yule aliyebeba kandambili, wakatangulia. Regina akawafuata nyuma peke yake mpaka stendi.

Pasipoti ilitoka baada ya wiki tatu, na ahadi ni deni. Diana alikuja na boti ya asubuhi, amevaa gauni la kanisani. Regina alikuwa amemweleza baba yake mapema, na mzee hakubisha. Alisema tu kwamba jogoo yule alikuwa na nyama nyingi, mwalimu yule hakustahili. Lakini Diana alipopiga hodi na kusema, "Shikamoo, baba," mzee alichelewa kuitikia.

"Marahaba, mwanangu," alisema mwishowe, na wakaondoka wawili hao kwa bajaji kwenda kwa wakili, kule mtaa wa Mwanga. Waliporudi, mzee Leonardi alikuwa na wino kidoleni na Diana alikuwa na bahasha. Diana aliishika kwa mikono miwili. Aliaga kwa heshima, akakataa chai, akawahi boti yake. Ndani ya bahasha hiyo, mbele ya sheria, mzee Leonardi alikuwa na binti mmoja, anaitwa Regina, anaishi Kagunga, ni mchuuzi wa dagaa.

Jioni hiyo ilibaki fomu ya viza. Wakala alikuwa ameituma, mwisho wa kuirudisha ni kesho yake. Regina aliiweka juu ya meza ndogo sebuleni kwa baba yake, akawasha taa. Mzee hajui kusoma, lakini karatasi zote za bintiye amekuwa akisomewa tangu ripoti za darasa la kwanza, na hakuona sababu ya kuacha sasa. Akavuta kigoda.

"Nisomee."

"Jina la mwombaji. Nimeandika Diana."

"Ndiyo."

"Kazi, muuguzi msaidizi. Hali ya ndoa. Mtoto mmoja."

"Endelea."

Regina alikuwa ameshaona mstari unaofuata, na alikuwa ameshausoma mkataba pia. Likizo ya msiba ni siku saba na tikiti, kwa kufiwa na mzazi aliyetajwa kwenye fomu. Mzee ana miaka sabini na sita, na kifua chake msimu wa mvua hakina mzaha. Miaka miwili ina misimu mingi ya mvua. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo hakuweza kuisema kwa sababu angeanza kulia na fomu ingelowa.

"Jina la baba," alisoma. "Bonaventura."

"Ndiyo. Na hapo chini wanauliza nini?"

"Wanauliza kama yu hai au amefariki."

Nje mtu alipita na redio, ikasikika, ikaenda zake. Regina akashika kalamu, akaandika. Mzee Leonardi akainama kuitazama karatasi kana kwamba angeweza kuisoma.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika amefariki, baba."

Mzee akaisogeza taa, ikawa karibu zaidi na mkono wa binti yake.

"Andika kwa hati nzuri, mwanangu," alisema. "Wasije wakakurudisha."