Nilivyokwenda Chuo Kikuu kwa Niaba ya Chikondi

Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi, elimu yangu ni ya msingi na naandika polepole. Jambo lenyewe ni la aibu, hivyo mkishindwa kulisoma si hasara kubwa.

Naosha magari hapa Miyuji pamoja na Chikondi, kijana wa Malawi anayesoma chuo kikuu na jioni anashika brashi ili apate kula. Siku hiyo bosi alipokea magari ya harusi asubuhi, akamwita Chikondi, akasema atakayeondoka asirudi, na Chikondi alikuwa na kipindi ambacho akikikosa tena hafanyi mtihani. Basi mimi, bingwa wa mawazo, nikamwambia, "Usijali kaka, leo sina zamu, nitakwenda kukukalia darasani."

Akanivalisha shati lake. "Jina langu likiitwa, nyoosha mkono. Usiseme kitu." (Kunyamaza ndicho kipaji changu pekee, nikajiona nimeshafaulu.)

Nikakaa nyuma kabisa. Mhadhiri akaingia, mama mwenye miwani, na miguu yangu bila kuniomba ruhusa ikasimama wima kama tulivyozoezwa shuleni, na mdomo ukapaza sauti, peke yangu: "Shikamoo mwalimuuu!" Kisha nikabaki nimesimama, nikisubiri kuambiwa nikae. (Kumbe chuo kikuu mwalimu akiingia watu wanaendelea na simu zao.)

"Marahaba," akasema, darasa likiwa hoi kwa kicheko. "Nani wewe?"

"Chikondi, mwalimu."

"Yule wa Malawi? Tangu aje hajaniamkia, leo ananiamkia kwa lafudhi ya Kondoa?"

Nikamwaga yote, harusi, bosi, mtihani, hadi shati (mkimya akianza kusema hajui breki iko wapi). Akanisikiliza, kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, kama kuosha magari unajua, kwa nini usingeosha wewe, mwenzako akaja darasani?"

Wallahi, hilo halikutupitia kichwani, si mimi wala msomi wangu.

"Kamlete kabla sijamaliza, la sivyo mtihani asahau."

Nikapanda bodaboda mbio. Chikondi akaingia darasani na mabuti yenye povu, akasamehewa kwa onyo kali. Mimi nikashika brashi yake kwenye gari la bibi harusi, na bosi akapita, akanitazama, akasema tu, "Ongeza sabuni."

Nimeapa sitamwokoa mtu tena kabla ya kumuuliza mwenye akili. Nanyi kama mmewahi kuokoa mtu namna hii niandikieni, nisiwe peke yangu nchi nzima. Ila tumieni herufi kubwa.