Kambale Aliyeletewa Mwenzake

Tarehe 9 Aprili 1953 nilifiwa na mke wangu kwa homa ya mapafu, nyumbani kwetu Igamba. Hatukuwa na mtoto. Viumbe alivyoviacha ni kuku watatu, ambao waliliwa msibani, na kambale mmoja.

Kambale huyo mke wangu alimwokota kijitoni akiwa mdogo kama kidole. Mimi ni seremala, nikamtengenezea sanduku la vioo kwa mabaki ya madirisha ya shule, nikayaunga kwa puti na lami. Mke wangu alikaa mbele ya sanduku lile akichambua maharage, akizungumza na samaki kuliko alivyozungumza na mimi. Simlaumu. Sikuwa mtu wa maneno.

Kwetu mfiwa haachwi alale peke yake. Watu walilala kwangu mpaka matanga yakaanuliwa. Asubuhi ya kuondoka, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliingia na debe la maji. Ndani mlikuwa na kambale mwingine, mkubwa kidogo kuliko wetu.

"Shemeji, sisi tunakwenda. Huyu mwenye sharubu naye amefiwa. Nimemletea wa kulala naye."

"Watapatana?"

"Mbona wewe ulipatana na dada yangu, na ulivyo mkavu hivyo!"

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi, nikammimina mgeni ndani.

Siku mbili walitulia. Ya tatu nilimkuta wetu amejibana pembeni, mapezi yamechanika, sharubu mbili za kushoto zimekatika, na ubavuni ana kidonda cha upana wa shilingi. Mgeni alikuwa amekaa katikati. Ningeweza kumtoa saa ile ile, lakini niliona haya kumfukuza aliyeletwa kwa ajili ya msiba. Nilimsukuma tu kwa kijiti, nikaenda kazini. Niliporudi jioni kidonda kilikuwa kimepanuka.

Hapo ndipo nikamhamishia mgeni kwenye debe. Kisha nikakosea tena. Nilitia konzi nzima ya chumvi, kama tunavyofanya kwa kidonda cha mguu. Kambale hana magamba ya kumkinga. Alijipigapiga kwenye vioo, akapanda juu kutafuta hewa, nikadhani nimemuua. Nilichota yale maji kwa bakuli, nikaweka ya mvua, na safari hii chumvi ya kubana kwa vidole viwili tu. Nilimwekea kipande cha chungu kilichovunjika ajifiche, nikafunika sanduku kwa gunia. Kila asubuhi nilibadilisha sehemu ya maji. Kidonda kilifanya ukungu mweupe kama pamba, halafu ukaanza kupungua kutoka pembeni. Ila hakula. Siku nane hakugusa kitu.

Jumapili shemeji alipita akitoka kanisani.

"Mgeni wangu yuko wapi?"

"Kwenye debe."

"Umemtoa matangani?"

"Nimemtoa. Alimuuma mwenzake nikaacha siku nzima, kwa sababu wewe ndiye uliyemleta."

Hakutania tena. Aliinua gunia akatazama, akalirudisha polepole.

"Na mimi nilitaka Jumatano nije na mama tulale hapa," akasema. "Nasikia hupiki."

"Shemeji, msije kulala. Njooni mchana."

"Mama atauliza kwa nini."

"Mwambie nimesema mimi."

Alikunja kanga kuwa kata, akajitwika debe. "Basi huyu nampeleka mtoni kabla hajanilaani," akasema, akatoka.

Nilichimba nyuma ya jiko, nikapata nyungunyungu mmoja. Nilimwangusha mbele ya kile kipande cha chungu, nikafunika gunia, nikakaa. Nilipolifunua, kambale alikuwa ametoa kichwa. Alimpapasa kwa sharubu zilizobaki, akamkosa, akampapasa tena.

Alikula nusu.