Mashine ya Nyuma Haionekani

Shule niliiachia darasa la nne, na hakuna aliyeniachisha. Niliacha kwa sababu mkonge ulikuwa unalipa na ubao haulipi. Nasema mapema ili mtu asinishangae huko mbele nikieleza kompyuta kwa maneno yangu. Studio ya picha niliyonayo Nguvumali, hapa Tanga, ilianza na kamera ya kuazima, nikiwapiga picha vibarua wa kambi za mkonge siku za Jumapili wakitoka kanisani. Kuta zake nimezijenga mwenyewe. Leo ina kompyuta mbili, na aliyesoma akitaka kucheka na acheke.

Kompyuta ya mbele ni yangu, ipo chumba cha wateja pamoja na printa kubwa. Ya nyuma ni ya mke wangu, ipo chumba chenye pazia zito na mlango wa uani. Mke wangu ni Mpemba, na chumba kile kina sheria zake. Kwetu pwani, usiku wa hina na kupambwa kwa bibi harusi ni mambo ya wanawake watupu. Wanavua mitandio, wanacheza, bibi wa watu anarudi kuwa msichana, hivyo nasikia. Mwanamume haingii, wala kamera yake haiingii. Anayepiga picha ni mke wangu, na wanawake wa mji huu wanamwamini yeye kuliko wanavyowaamini waume zao.

Picha zikishapigwa zinaingia mashine ya nyuma, na hazitoki ila kwa njia moja: waya uliotoboa ukuta mpaka kwenye kisanduku cha mtandao, na kutoka hapo mpaka kwenye printa yangu. Kwa flashi hazitoki. Kwa simu hazitoki. Siku ya kuchapisha natoka, nakaa barazani, mlango wa mbele unafungwa. Yeye anapita pazia, anakusanya karatasi zake, anazitia kwenye bahasha, ndipo ananiita. Tumekaa miaka na picha hizo nyumba moja na sijaiona hata moja.

Basi siku moja mashine ya nyuma ikajiapdeti.

Nasema ikajiapdeti kwa kuwa hakuna aliyeituma. Mke wangu alikwenda kuswali adhuhuri, aliporudi akakuta duara linazunguka na maneno ya kuomba isizimwe. Hatukuizima. Ilizunguka mpaka tukachoka kuitazama, ikajizima, ikajiwasha, ikaja na sura mpya, vilivyokuwa kushoto vimehamia katikati. Hilo halikunishughulisha. Mtu akitoka kunyolewa hubadilika sura, lakini ni yule yule.

Kumbe hakuwa yule yule.

Wiki ile tulikuwa na albamu ya kutoa. Binti wa rafiki yangu, ambaye tulibeba magunia pamoja bandarini kabla sijashika kamera, alikuwa ameolewa Mombasa. Rafiki yangu mwenyewe alifariki harusi ikiwa imeshapangwa. Familia ikaona isivunjwe, ifanywe kimya nyumbani kwa mama mdogo wa binti. Lakini mjane yumo edani. Hatoki, haendi kwenye ngoma, hata kama ni ya mwanawe wa kumzaa. Binti yake wa pekee alitiwa hina na kupambwa mtaa wa pili, na mama hakumwona. Ijumaa asubuhi gari lilikuwa linakuja kumchukua binti kumvusha mpaka wa Horohoro. Mama alileta ujumbe kupitia mdogo wake: anachotaka ni kukaa na mwanawe, waifungue albamu pamoja kabla hajaondoka. Ya karatasi, si ya simu. Nikajibu: mwambie ataipata. Neno hilo nililisema mimi, kwa mke wa rafiki yangu, na mimi neno langu halijawahi kurudi bila mzigo.

Jumanne mke wangu akaita kutoka nyuma. "Bwana, printa siioni."

"Ipo hapa, naitazama."

"Wewe unaitazama. Mimi siioni."

Nikafungua kwenye mashine yangu kile kidirisha kinachoonyesha kompyuta za mtandao. Nimezoea kuona vijipicha viwili vimekaa pamoja, na majina niliyovipa mwenyewe: MBELE na NYUMA. Siku ile MBELE alikuwa peke yake. Nikafunga, nikafungua. Peke yake. Nikazima umeme wote kwenye swichi kubwa, nikasubiri, nikawasha. Peke yake.

Nikaenda kwenye waya. Taa ya kijani inapepesa kama kawaida. Nikauchomoa, nikaupuliza, nikauchomeka. Nikatazama kama panya ameula. Nikanunua waya mpya. Taa inapepesa, NYUMA hayupo. Kilichonichanganya zaidi ni kuwa intaneti ilikuwa inafika. Mke wangu alifungua habari, akanisomea kwamba Pemba mvua inanyesha.

"Inaona Pemba," nikamwambia, "haioni chumba cha pili?"

"Iulize yenyewe," akasema.

Nikasema basi, tubebe printa tuipeleke nyuma. Hapo nikajikumbuka. Printa ile niliichomelea mwenyewe ndani ya kizimba cha nondo kwa ajili ya wezi, na kizimba nimekitia kwenye zege. Mashine ya mke wangu nayo hivyo hivyo. Mimi nikijenga kitu kinakaa. Nilisimama pale na funguo za makufuli mkononi, na kufuli si tatizo, tatizo ni kwamba mlango wa kizimba niliuacha mdogo, mkono unapita na karatasi zinapita, printa haipiti.

Jumatano nzima nilibonyeza vitu. Siwezi kusema nilibonyeza nini. Kuna wakati maandishi ya kioo changu yaligeuka makubwa kama ya bango la duka, nikakaa nayo hivyo hivyo.

Alhamisi asubuhi nikampigia fundi wa kompyuta, akaja. Ni Mshambaa, Mlutheri, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma, na tuna utani wa siku nyingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeacha baridi ya kwenu ukaja?"

"Nimekuja kuwafundisha watu wa pwani kuwasha taa."

Akakaa kwenye mashine yangu, akatazama, akasema ugonjwa haupo huku, upo nyuma. Akainuka kwenda kwenye pazia.

"Fundi," sauti ya mke wangu ikatoka ndani, "ukivuka hapo usirudi huku mbele. Toka kwa uani, uende moja kwa moja Lushoto, Tanga hutakuwa na kazi tena."

"Mama, ni kompyuta tu. Funga picha zako, nitazame dakika moja."

"Wanawake huniuliza kama yupo mwanamume aliyewahi kuikalia mashine hii. Nikaseme nini?"

Fundi akanitazama. Nikamwambia vuta kiti. Akakiweka karibu na pazia, akaanza kutibu mgonjwa asiyemwona. Yeye anauliza, mke wangu anasoma kilichoandikwa kwenye kioo, na mimi nipo katikati nikigeuza kichwa huku na huku.

"Bonyeza kilipoandikwa mipangilio."

"Kiko wapi?"

"Chini, katikati. Kama gurudumu la meno."

"Naona jua."

"Siyo jua, mama, hiyo ni hali ya hewa."

"Si ndiyo nimekwambia naona jua?"

Walikwenda hivyo mpaka chai ya fundi ikapoa. Kila alichouliza kilikuwa sawa. Waya sawa, jina sawa, printa ya mbele iko wazi. Fundi akavua miwani, akaifuta kwa shati. Nilianza kuona Ijumaa inavyokuja, na mwanamke ndani ya nyumba yake anamuaga mwanawe mikono mitupu. Halafu fundi akauliza kama anayejisemea.

"Mama, siku ile ilipowaka na sura mpya, ilikuuliza kitu?"

"Iliniuliza," mke wangu akasema.

"Ilikuuliza nini?"

"Iliuliza kama nataka kompyuta nyingine za kwenye mtandao huu ziione hii."

"Ukajibu?"

"Ningejibu nini? Nimekaa na mabinti za watu humu, vichwa wazi, naulizwa kama nataka waonekane, niseme ndiyo? Nilijibu hapana. Na ingeuliza tena ningejibu hapana."

Fundi akaweka kichwa kwenye magoti akicheka. Mimi sikucheka. Nikauliza, "Siku zote hizi mbona hukusema?"

"Mbona hukuniuliza? Uliniuliza waya. Ukaniuliza panya."

Fundi akasema kazi imekwisha. Mashine imewekwa kwenye mtandao wa umma, aibadilishe iwe ya faragha, wataonana. Mke wangu akamrudisha nyuma.

"Sasa hivi ni ya umma, na imejificha?"

"Ndiyo."

"Nikiiweka ya faragha, ndiyo itaonekana?"

"Ndiyo, mama."

"Nani kapanga hivyo?"

"Walioitengeneza."

"Hao hawajawahi kualikwa harusini."

Na mimi hapo ndipo nilipopotelea, na mpaka leo sijatoka. Fundi alinieleza. Anasema ukiwa sokoni unajifunika, ukiwa kwako unajifunua, na mashine nayo ni hivyo. Nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Kwangu mimi kilichoandikwa umma ni cha umma.

Lakini mke wangu hakubonyeza. Akauliza swali jingine. "Nikijifunua, anayeniona ni nani? Mashine ya mzee peke yake?"

"Zote zilizomo kwenye mtandao huu."

"Zimo zipi?"

Fundi akafungua simu yake, akaingia kwenye kisanduku cha mtandao kutazama. Akanigeuzia kioo. Ilikuwa orodha inayoteremka. Simu ya kinyozi wa jirani, kompyuta yake anayopigia muziki, simu za wacheza bao, fundi cherehani, na majina nisiyoyajua. Neno la siri la waifai niliwapa mimi, tangu Ramadhani, na nililiandika kwa rangi kwenye ukuta wa baraza, wateja wajisikie wamekaribishwa. Mtu niliyeanza bila kitu, sioni ubaya kugawa nilichonacho.

"Mama, folda za picha zina ufunguo?"

"Ufunguo upi?"

Fundi akanitazama mimi. Ufunguo niliutoa zamani, siku nilizoziunganisha mashine hizi kabla ya picha yoyote kuingia, nilichoka kuuandika kila nikijaribu, na huku kulikuwa na mashine mbili tu na watu wawili.

"Kwa hiyo kabla ya hii apdeti," nikamwuliza polepole, "mtu aliyekaa kwa kinyozi..."

"Akijua njia, angefika."

"Aliijua?"

"Mzee, sidhani. Lakini mimi siwezi kukuapia."

Nikaligeukia pazia. Mwanamke huyu ameibeba amana ya mji mzima kwa kuificha hata kwa mumewe, na mimi nilikuwa nimetoboa ukuta wa upande wa pili. Akasema, "Basi nilijibu sawa."

"Ulijibu sawa," nikamwambia.

"Sibonyezi ndiyo mpaka watoke wote."

Nikamwambia fundi abadilishe neno la siri na amwelekeze mke wangu kurudisha ufunguo wa folda. Nikachukua kopo la chokaa, nikatoka barazani, nikaupaka ukuta. Kinyozi akatoka na mashine ya kunyolea mkononi, mteja wake nusu kichwa.

"Mzee, mtandao umekata."

"Nimeukata."

"Tumekukosea nini, babu?"

"Hamjanikosea. Nunueni wenu."

"Uzee unaanza na uchoyo," akasema mmoja wa wacheza bao, bila kuinua macho.

"Na ujana unaishia barazani kwa watu," nikamjibu. Lakini nilikuwa nawatazama nyuso zao mmoja mmoja, na nilikuwa sijui natafuta nini. Nyuso zilikuwa zile zile. Mpaka leo nikipita kwa kinyozi nakuta namtazama, naye anaona ni hasira ya waifai.

Niliporudi ndani fundi aliangalia orodha, tumebaki wenyewe. Akasema, "Mama, sasa." Tukasikia kubonyeza kumoja. Kwenye kioo changu, chenye maandishi makubwa kama bango, akatokea NYUMA, kakaa kando ya MBELE kama hajawahi kwenda popote. Mshale wangu ulikuwa karibu naye. Nikautoa mkono wangu kwenye kipanya.

Alasiri nilikaa barazani mlango umefungwa, nikisikia printa ikivuta karatasi. Sikuwahi kuisikiliza hivyo. Mke wangu alibandika albamu kwa mkono wake, na jioni mama mdogo akaja kuichukua chini ya buibui. Nilimwambia amwambie mjane kwamba neno limefika. Nilijiona nimemaliza.

Ijumaa asubuhi gari la Mombasa likasimama mbele ya studio, injini inawaka. Akashuka binti mwenyewe, kajistiri mpaka macho, na macho yamevimba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Picha zina kasoro?"

"Hazina." Akatazama chini. "Mama amekataa kuitoa. Tumeifungua tangu alfajiri, kaikumbatia, ananiambia wewe mwanangu unakwenda kuwa nayo sura yako kila siku, mimi nibaki na nini? Nimemwachia. Naomba nyingine, babu. Wameniambia wananisubiri kidogo tu."

Kabla sijajibu, mke wangu alikuwa keshafika kwenye pazia, akamshika mkono akampitisha ndani. Mimi nikainuka, nikachukua kofia yangu, nikatoka. Nikamwambia dereva azime gari, mafuta si maji.